Mwalimu wa Fizikia Aliyeiongoza Belarusi



Vita vilipoifikia Belarusi mwaka 1941, Pyotr Masherov alikuwa mwalimu kijana wa fizikia na hisabati katika shule ya Rossony, mkoani Vitebsk. Alikuwa mtoto wa wakulima. Baba yake alikwisha kufa kifungoni mwaka 1938, mmoja wa raia wengi wasio na hatia waliokamatwa katika enzi ya Stalin. Jambo hilo halina budi kutajwa, kwani dola iliyomwua baba ndiyo aliyoitumikia mwana hadi siku yake ya mwisho.

Masherov alitekwa na majeshi ya Hitler, akatoroka, akarudi Rossony kuongoza wapiganaji wa msituni. Mwaka 1942 Wajerumani walimwua mama yake kwa kuwasaidia wapiganaji hao. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 26, alitunukiwa heshima ya Shujaa wa Muungano wa Kisovieti.

Basi aliposhika ukatibu wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti cha Belarusi mwaka 1965, wananchi hawakuhitaji kuelezwa yeye ni nani. Kweli, hawakuulizwa pia. Nafasi kama hiyo haikupatikana bila ridhaa ya Moscow. Kwa mtu huyo mmoja zilikutana heshima mbili: ile itolewayo na wakubwa, na ile itolewayo na watu walioshiriki naye msiba.

Heshima hii ya pili huonekana wazi zaidi Khatyn. Tarehe 22 Machi, 1943 kijiji hicho kiliteketezwa pamoja na watu 149, kati yao watoto 75. Mwaka 1969, Masherov akiwa madarakani, palifunguliwa hapo ukumbusho wa taifa. Panaposimama alama za nyumba zilizoungua, kengele hulia mchana na usiku. Kwa kiongozi aliyempoteza mama yake katika vita hivyo hivyo, hiyo haikuwa kazi ya kutimiza mpango wa mwaka tu.

Tarehe 4 Oktoba, 1980 gari lake liligongana na lori la viazi karibu na Smolevichi, naye akafa papo hapo. Uvumi kwamba aliuawa ulienea upesi, haukupata kuthibitishwa. Brezhnev hakufika mazishini. Wakazi wa Minsk walifika kwa maelfu.

Barabara kubwa ya Minsk ikapewa jina la Masherov. Mwaka 2005 Rais Aleksandr Lukashenko aliiita kwa amri Barabara ya Washindi, na jina la marehemu likahamishiwa barabara nyingine. Huko Vitebsk, chuo alichohitimu ualimu mwaka 1939 sasa ni chuo kikuu, nacho kingali kinaitwa kwa jina lake.