Maumivu Yasiyokwisha na Tiba ya Viungo
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Voi)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya jambo lisilo na kelele, nalo limo katika nyumba nyingi za wanachama: maumivu ya mgongo, ya magoti na ya mabega, yanayokaa mwilini miezi na miaka. Twashukuru kwa heshima hiyo. Wazee watuwie radhi tukiyataja wanayoyajua kuliko sisi, kwa maana wao ndio wanaoyabeba.

Nchi yetu hii imejengwa kwa migongo ya watu. Wakati wa vita, miaka ya 1915 na 1916, reli ilijengwa kutoka Voi kuelekea Taveta, na wapagazi wakachukua mizigo ya jeshi hadi mpakani. Baadaye wakaja wakata mkonge wa Voi, Mwatate na Taveta. Milimani Dawida na Sagalla, matuta ya mashamba yamechimbwa kwa jembe, na siku hizi vijana huinama mashimoni kutafuta vito. Mama apandaye mlima na dumu la lita 20 za maji amechukua kilo 20 kabla hajahesabu kuni wala mtoto. Nasi tukaao vitini mchana kutwa, pamoja na madereva wa malori ya njia ya Mombasa, hatukusalimika.

Wala si sisi peke yetu. Wataalamu walikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Kwa hiyo mwenye maumivu haya asidhani amerogwa, wala jirani asimwite mvivu.

Maumivu yaliyopita miezi 3 huitwa ya kudumu, nayo hayafanani na ya jeraha jipya. Jeraha jipya huuma ili kutuonya, mfano wa mbwa abwekaye mwizi aingiapo bomani. Lakini yako maumivu ambayo mwizi amekwisha kwenda zake, na mbwa angali anabweka hata kwa upepo. Mishipa ya fahamu imezoea kupiga kelele. Maumivu ni ya kweli kabisa, ila si kila mara yana maana kwamba kitu kinavunjika ndani.

Hapo ndipo desturi zetu mbili zinapotudhuru. Ya kwanza ni kumwambia mgonjwa, kwa huruma, alale asiguse kazi. Siku moja au mbili si neno. Lakini akilala majuma mengi, misuli hunyauka, viungo hukakamaa, na akiinuka huumwa zaidi, akarudi kitandani. Ya pili ni vidonge. Vidonge vya maumivu vina kazi yake. Lakini vile vya namna ya diklofenaki na ibuprofeni, vikimezwa kila siku pasipo daktari, huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu.

Tiba ya viungo, iitwayo pia fiziotherapia, si kukandwa tu. Chama cha kwanza cha kazi hii Uingereza kilianzishwa na wauguzi wanne mwaka 1894, na hapa Kenya sheria ya mwaka 2014 iliweka baraza la kuwasajili wataalamu wake. Yafaa basi kumwuliza anayetaka kututibu kama amesajiliwa. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya kiuno kiumacho muda mrefu. Likasifu mazoezi, mafunzo kwa mgonjwa na kukandwa. Halikupendekeza mikanda ya kiunoni wala dawa kali za jamii ya afyuni.

Mtaalamu humpima mgonjwa, humwuliza kazi yake, kisha humpa mazoezi ya kadiri yake. Mwenye goti hufundishwa kuketi na kusimama kitini mara chache, na kunyoosha mguu. Mwenye kiuno, kutembea na kukaza misuli ya tumbo na mgongo. Siri yake ni kipimo. Anayeweza kutembea dakika 10 atembee 10 kila siku, siku njema na siku mbaya, kisha aongeze dakika 2 kila juma. Asilime shamba zima siku ya nafuu, akalala siku nne. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari, mradi yatulie kabla ya kesho. Nyumbani nako, dumu la lita 20 ligawanywe mawili ya lita 10, moja kila mkono. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini ziko dalili zisizongoja zoezi. Mgonjwa aende hospitali mara moja akishindwa kuzuia au kutoa mkojo, akifa ganzi sehemu za siri, mguu ukilegea, akiwa na homa, akikonda bila sababu, au maumivu yakianza baada ya kuanguka. Kifua kikuu huweza kuingia hata katika uti wa mgongo, na tiba yake ni nyingine.

Sasa twalileta neno letu mbele ya mkutano. Mifuko ya vyama kama hiki chetu hufunguliwa mtu alazwapo au afapo. Kwa jeneza twachanga kwa moyo mmoja. Lakini tiba ya viungo haitimizwi kwa safari moja. Yataka kurudi, pengine mara sita, na mtu wa Kasigau au wa Taveta anayekuja Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Voi hukatizwa na nauli. Huja mara ya kwanza, akaonyeshwa zoezi, hasahihishwi tena, akaacha, akasema tiba haifai. Kisha shamba lake hulala, na watoto wake huja kwetu kuomba karo.

Twaomba kamati ifikirie kutenga fedha kidogo za nauli kwa mwanachama mwenye barua ya mtaalamu, naye arudishe kadi ya mahudhurio kwa mweka hazina. Twaomba pia kila tawi liwe na siku moja katika juma ya kutembea pamoja, wazee mbele, kwa mwendo wao.

Mzee akiweza tena kushika jembe lake saa moja, na kupanda kilima hadi kanisani au msikitini kwa miguu yake, chama kitakuwa kimepata faida isiyoandikwa katika daftari la hesabu.

Tumekwisha sema.