Dhahabu Yetu Isiishie Kwenye Mizani ya Dalali

(Maneno tuliyowaambia wanavikundi wa Nakalale)



Mmetuomba tuzungumze juu ya mapambo ya dhahabu. Tuanze na swali. Kwa nini dhahabu inatoka lagani ikiwa vumbi, na inaondoka Nakalale ikiwa vumbi vile vile? Mama anapepeta mchanga tangu asubuhi. Jioni dalali anapima pointi moja, yaani sehemu ya kumi ya gramu, na pesa inaishia kwenye unga na sukari. Dalali si adui, maana analeta pesa taslimu mpaka mlangoni. Lakini mizani ni yake, na bei ni yake.

Msifikiri usonara ni kazi ya watu wa pwani peke yao. Nani hapa hajaona alagama shingoni mwa mke aliyeolewa? Na lile pambo la alumini lenye umbo la jani, ambalo wanaume walivaa puani, si lilifuliwa kwa nyundo? Basi nusu ya kazi tunaijua tayari.

Dhahabu safi ni laini. Gramu moja, mikononi mwa fundi hodari, inaweza kufuliwa mpaka itandazike karibu mita moja mraba, nyembamba kuliko karatasi. Wahenga walilijua hilo. Kule Mapungubwe, Afrika Kusini, miaka ya 1930, kaburini kulipatikana kifaru kidogo cha karne ya 13. Mwili wake ulikuwa wa mti uliochongwa, ukavikwa bati jembamba la dhahabu na kupigiliwa misumari midogo, nayo ya dhahabu. Mti ulikuwa umekwisha kuoza, dhahabu ikabaki.

Hapo ndipo tunataka mtulie kidogo. Anayechonga ekicholong anaweza kuchonga kipuli au bangili ya mti. Mwenzake akaivika dhahabu kidogo tu. Mafundi wa Lamu nao hupachika vigae vya sahani za kale kwenye pete za fedha, na wageni wananunua. Thamani imo katika mkono wa fundi, si katika uzito peke yake.

Kazi yenyewe iko hivi. Kikundi kiweke pointi zake pamoja mpaka zifike gramu kadhaa. Mchanga mweusi wa chuma utolewe kwa sumaku. Vumbi liyeyushwe kwa boraksi kwenye moto mkali wa mkaa na mvukuto, maana dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1064. Kisha ifuliwe polepole. Ikianza kuwa ngumu chini ya nyundo, irudishwe motoni, ipoe, ndipo ipigwe tena. Ukilazimisha, itapasuka.

Zebaki hatuitaki kabisa, hata ikiletwa bure. Ikichomwa, mvuke wake hauonekani, lakini unaharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Msikubali ichomwe kwenye jiko la chakula.

Tusidanganyane kuhusu soko. Hapa kijijini hakuna atakayenunua kipuli cha dhahabu wakati mbuzi wanakufa kwa ukame. Wanunuzi wako Lodwar, Kakuma na Nairobi, na watauliza karatasi. Sheria ya Madini ya 2016 inamtambua mchimbaji mdogo na kumpa kibali, lakini kununua na kuuza madini kunahitaji leseni yake. Kwa hiyo waulizeni kwanza maofisa wa madini wa kaunti, kabla ya kutengeneza hata pete moja ya kuuza. Na tafadhali, msikope pesa za kununua vifaa sasa.

Wakati tunangoja majibu yao, mikono ijifunze kwa waya wa shaba na vipande vya sufuria kuukuu. Mkutano ujao kila kikundi kilete nyundo moja, kipande cha chuma cha kufulia, na daftari la mweka hazina lenye hesabu ya pointi zote zilizouzwa mwezi huu, na bei ya kila moja.