Aisifuye mvua imemnyea

Ndugu wasikilizaji, wahenga walituachia usemi kwamba aisifuye mvua imemnyea. Leo nataka tuutumie usemi huo kupimia mambo yaliyotokea mbali na kwetu, nchini Australia, katika kazi hii hii ya kusema mbele ya maikrofoni. Nimeyachagua kwa sababu yanahusu kitu ambacho msikilizaji hana mizani ya kukipimia. Anapomsikia mtangazaji akitoa maoni, atajuaje kama maoni hayo ni yake au yamenunuliwa?

Kwanza tuielewe nguvu ya redio katika nchi ile. Vipindi vya wasikilizaji kupiga simu viliruhusiwa rasmi Australia mwaka 1967, na haikuchukua miaka mingi vikawa baraza la taifa. Dereva wa lori, mama wa nyumbani na mzee mstaafu walipiga simu wakalalamikia bei, polisi na wanasiasa, na mtangazaji akawajibia na kuwatetea. Mfalme wa baraza hilo alikuwa John Laws wa kituo cha 2UE cha Sydney. Kipindi chake kilirushwa na vituo vingi mikoani, na kwa uzito wa sauti yake alipewa jina la utani ambalo kwa Kiswahili tungesema "Koromeo la Dhahabu".

Nguvu yake ilionekana tarehe 14 Mei 1986. Paul Keating, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Fedha na baadaye akawa Waziri Mkuu, alizungumza na Laws kwa simu. Akaonya kwamba nchi isipojirekebisha itaishia kuwa jamhuri ya migomba, maana yake nchi dhaifu inayoishi kwa kubahatisha bei ya zao moja. Siku hiyo hiyo thamani ya dola ya Australia ikaporomoka. Hayakuwa maneno ya bungeni wala ya hotuba ya bajeti. Yalikuwa maongezi ya simu na mtangazaji wa redio.

Wanasiasa walilielewa somo hilo upesi. Katika mji mkuu, Canberra, wapo waandishi wanaotunza majalada, wanaokumbuka waziri alisema nini mwaka juzi na wanaouliza swali la pili na la tatu. Studio ya redio ya Sydney ilikuwa na wasikilizaji wengi zaidi na mara nyingi maswali machache zaidi. John Howard, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 1996 hadi 2007, alikuwa mgeni wa mara kwa mara wa Laws na wa mwenzake mashuhuri, Alan Jones. Sauti zinazosikilizwa na Waziri Mkuu zikawa mali, na penye mali mnunuzi hachelewi kufika.

Mnunuzi aliyefika alikuwa chama cha mabenki. Katika miaka ya tisini mabenki ya Australia yalikuwa yakifunga matawi vijijini na kuwatoza wateja ada za kila namna, na wananchi walikuwa na hasira. Laws naye alikuwa akiyashambulia hewani. Kisha siku moja mashambulizi yakakoma, na wasikilizaji wakaanza kusikia kwamba kuna upande mwingine wa habari za mabenki ambao hawakuujua. Penye udhia penyeza rupia, na rupia ilikuwa imekwisha kupenyezwa.

Siri ilifichuka Julai 1999. Aliyeifichua ni Richard Ackland, mtangazaji wa kipindi cha televisheni kiitwacho Media Watch, cha shirika la utangazaji la umma, ABC. Kazi ya kipindi hicho ni kuwachunguza wanahabari wenyewe. Kilipata waraka wa ndani wa mabenki, na waraka ule ulieleza shabaha bila haya. Maneno mabaya ya Laws kuhusu mabenki yapungue kutoka wastani wa manne kwa wiki hadi sifuri, na papo hapo yapatikane maneno mazuri juu ya matangazo ya kawaida yaliyolipiwa. Mkataba ulikuwa wa zaidi ya dola milioni moja za Australia.

Fikirini, wasikilizaji. Hasira ya mtu imehesabiwa kwa wiki kama magunia ya mahindi, halafu ikapangiwa bei ya kuizima.

Mamlaka ya Utangazaji ya Australia ikaanzisha uchunguzi wa hadhara, na kila jiwe lililoinuliwa lilikuwa na kitu chini yake. Alan Jones naye alikutwa na mikataba na makampuni makubwa, ikiwamo kampuni ya simu ya Optus. Uchunguzi ukafika hadi kwenye vituo vya Melbourne, Adelaide na Perth. Taarifa iliyotoka Februari 2000 ilionyesha kwamba kanuni za utangazaji zilikuwa zimevunjwa mara nyingi, na kwamba wasikilizaji walikuwa wakipewa biashara iliyovishwa kanzu ya maoni.

Utetezi wa Laws ndio unaonifanya nisilale. Alisema yeye si mwandishi wa habari. Yeye ni mtumbuizaji tu, na kwa hiyo maadili ya waandishi hayamhusu. Mimi nauliza: ikiwa ni mtumbuizaji, Waziri wa Fedha alimpigia simu ili amwimbie? Na mabenki, je, yalimlipa ili achekeshe? La hasha. Yalimlipa kwa sababu mkulima aliyefungiwa tawi la benki alimwamini Laws kuwa ni mtetezi wake. Kilichouzwa pale ni imani ya wasikilizaji, na imani hiyo haikuwa mali ya Laws kuiuza. Ilikuwa amana.

Naomba nieleweke. Tangazo la biashara si dhambi, na redio ya kibinafsi haiwezi kuishi bila hilo. Tangazo huja na muziki wake na sauti yake, na msikilizaji akilisikia anajua kuwa hapa anauziwa sabuni. Hujikinga. Ubaya unaanza pale anapouziwa sabuni na rafiki anayejifanya kuzungumza tu, kwa maana wakati huo msikilizaji ameshaweka ngao yake chini.

Je, waliadhibiwaje? Hakuna aliyefungwa. Laws na Jones waliendelea na vipindi vyao, na wasikilizaji hawakuwakimbia. Mamlaka iliweka masharti mapya mwaka 2000: mtangazaji akimtaja mtu au kampuni inayomlipa, aseme hapo hapo hewani kwamba inamlipa, na kituo kiweke orodha ya mikataba hiyo ambapo mwananchi yeyote anaweza kuiona. Ni dawa ndogo, lakini ni dawa ya kweli. Haimzuii mtu kusema. Inamtaka tu aseme pia ni nani aliyemlowanisha.

Hata mlinzi wa masharti hayo alihitaji mlinzi. Mwenyekiti wa mamlaka, Profesa David Flint, alikuwa pia kiongozi wa kikundi kilichotaka Australia iendelee kuwa chini ya Malkia wa Uingereza, na mwaka 1999 kulikuwa na kura ya maoni juu ya jambo hilo. Katika kampeni ile alikubali kuhojiwa katika kipindi cha Laws, mtu ambaye mamlaka yake ilikuwa ikimchunguza, na kelele zilipozidi akajitoa katika uchunguzi. Mwaka 2004 ikafichuka barua ya kumsifu Alan Jones, ambayo Flint alikuwa ameiandika mwaka 1999 kwenye karatasi rasmi ya mamlaka. Mwaka huo huo wa 2004 akajiuzulu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Jones alikuwa amesifiwa na wakubwa wengi. Desemba 2005, katika siku zilizotangulia ghasia za ufuo wa Cronulla mjini Sydney, ambako watu wapatao elfu tano walikusanyika na baadhi yao wakawapiga vijana wenye sura za Mashariki ya Kati, Jones alisoma hewani ujumbe uliokuwa ukisambazwa kwa simu kuwaita watu wajitokeze. Mwaka 2007 mamlaka mpya ya mawasiliano iliona kwamba kituo chake wakati huo, 2GB, kilikuwa kimevunja kanuni kwa kutangaza mambo yanayoweza kuchochea ukatili na kuwadhalilisha watu kwa asili yao. Waziri Mkuu Howard hakumkana. Alimtetea hadharani. Mwanasiasa aliyezoea kupitia mlango wa mtangazaji hawezi tena kumwambia kwamba nyumba inavuja.

Hata hivyo si haki kuipaka taaluma nzima ya nchi ile matope ya hawa wawili. Mei 1987 mwandishi wa ABC, Chris Masters, alionyesha katika kipindi cha Four Corners jinsi polisi wa jimbo la Queensland walivyolinda kamari na madanguro. Tume ya Jaji Fitzgerald ikaundwa, waziri mkuu wa jimbo, Joh Bjelke-Petersen, akaanguka kabla mwaka haujaisha, na mkuu wa polisi akaishia gerezani. Hiyo ni kazi ya redio na televisheni ya umma inapokuwa na uti wa mgongo.

Lakini huyu huyu Masters alipoandika kitabu juu ya maisha ya Alan Jones, ABC iliyokuwa imemwagiza akiandike iliamua mwaka 2006 kutokichapisha. Kikachapishwa mwaka huo huo na kampuni nyingine. Shirika lililoangusha serikali ya jimbo lilisita mbele ya mtangazaji mmoja wa redio. Hapo ndipo mnapoona uzito wa sauti ambayo wanasiasa wanaiogopa na wafanyabiashara wanailisha.

Sasa turudi nyumbani kidogo, maana najua mnaniuliza. Sisi hatuna haja ya kwenda Sydney kujifunza neno bahasha. Kila mtangazaji wa umri wangu amewahi kusogezewa moja, iwe ni nauli, iwe ni posho, iwe ni shukrani. Tofauti ni kwamba bahasha ya kwetu huwa nyembamba, na anayeipokea mara nyingi hajalipwa mshahara. Hilo linaeleza tatizo, halilifuti. Mwandishi mwenye njaa ananunuliwa kwa bei ndogo. Milionea wa Sydney alinunuliwa kwa bei kubwa. Msikilizaji wa pande zote mbili ameibiwa kitu kile kile.

Kwa hiyo ninawaombeni ninyi mnaotusikiliza mtusaidie kuwa waaminifu. Mtangazaji aliyekuwa akiikemea kampuni kila asubuhi akinyamaza ghafla, ulizeni kulikoni. Akimsifu mgombea kwa wiki tatu mfululizo, mpigieni simu mumuulize hewani ni nani anayelipia kipindi. Na mwenye kituo akikasirishwa na swali hilo, basi mmekwisha kupata jibu.

Hatukatai mvua isifiwe. Ila anayeisifu na atuonyeshe kwanza nguo zake. Nawatakieni jioni njema.