Kabureta ao injeksheni: tununue pikipiki gani?

(Mazungumzo ya timu ya uwanjani mbele ya wanachama na wafadhili)



Tumeombwa tuseme kidogo juu ya pikipiki ambazo chama kitakopesha wanachama waliorudi kutoka Tanzania. Wafadhili wanapenda za injeksheni, kwa sababu zinakula mafuta kidogo na moshi wake ni mdogo. Vijana wanataka za kabureta, ile wengine tunaita karbirateri. Pande zote mbili ziko na haki yao.

Tuanze na kazi yenyewe. Injini inataka hewa na esansi vichanganyike kwa kipimo. Kabureta inafanya hiyo kazi bila umeme: hewa inapita mahali pembamba, inapata mbio, inafyonza esansi kutoka kikombe cha chini kwa kupitia tundu dogo, jikleri. Injeksheni iko tofauti. Pampu ya umeme ndani ya tangi inasukuma esansi kwa nguvu, sensa zinapima hewa na joto, na kompyuta ndogo inaamua injekta ifunguke kwa muda gani.

Njo maana injeksheni inashinda mlimani. Uvira iko kandokando ya ziwa, kwenye mita karibu 770. Ukipanda Hauts Plateaux unapita mita 2,000, na hewa kule ni nyepesi. Kabureta haijui kama umepanda. Inatoa esansi nyingi kuliko hewa iliyoko, buji inakuwa nyeusi, nguvu inapungua. Injeksheni inajirekebisha yenyewe. Asubuhi ya baridi pia inawaka bila kuvuta starter. Hilo tusilikatae.

Lakini tuangalie mafuta yetu. Wengi tunanunua esansi ya chupa kandokando ya barabara. Maji yakiingia kwenye kabureta, unafungua skrubu ya chini ya kikombe, unamwaga, unaendelea na safari. Kwenye injeksheni, maji na uchafu vinafika kwenye pampu na injekta, ambayo matundu yake ni madogo sana. Hapo inabidi kushusha tangi, na pengine kutafuta piesi ambayo haiko Baraka.

Tena kuna jambo la lugha, bandugu mliotoka Nyarugusu. Kule mlizoea kuomba "petroli". Huku petroli ni ya taa! Muombe esansi. Petroli ya taa ndani ya pikipiki ni hasara, iwe ya kabureta ao ya injeksheni.

Jambo la pili ni betri. Pikipiki ya kabureta ambayo moto wa buji hautegemei betri, ukipiga kiki inawaka hata betri ikiwa imekufa. Kwa injeksheni, pampu isipopata umeme, esansi haifiki.

Sasa tufike kwenye deni. Tuseme kijana anatumia litre 5 kwa siku, na injeksheni inamwokolea nusu litre. Kwa siku 20 ameokoa litre 10. Ni kitu kizuri. Lakini pikipiki ikilala siku 6 ikingoja pampu kutoka mbali, amepoteza mapato ya siku 6. Pikipiki inalala, deni halilali. Na katika kikundi chetu, mmoja akishindwa kulipa, ni mama mwingine anayekosa mkopo wa kuanza biashara yake ya samaki. Hicho njo kinatuhangaisha, kuliko chuma chenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu:

1. Pikipiki za kwanza ziwe za kabureta, za aina ambayo piesi zake ziko sokoni Uvira na Baraka. Mwenye kwenda milimani, fundi ampimie jikleri inayofaa kule.

2. Wafadhili wakitaka kusaidia injeksheni, watoe pamoja nayo pampu na filtre za akiba, kifaa cha kusoma makosa ya kompyuta, na mafunzo kwa mafundi wetu. Tuanze na chache, mjini Uvira, mahali fundi yuko karibu.

3. Kila mwanachama achuje esansi kabla ya kutia. Kwanza aiweke kwenye chupa nyeupe, aiache itulie. Maji ni mazito kuliko esansi. Yatashuka chini, utayaona kwa macho.

Hatusemi injeksheni ni mbaya. Siku fundi na piesi zitakuwa karibu, tutabadilisha wazo bila haya. Kwa leo tunaomba kitu ambacho mwanachama anaweza kutengeneza njiani, jioni alete chakula nyumbani, na Jumamosi alete pesa ya kikundi.

Maswali yenu tunayapokea.