Unene, Presha na Makato ya Mshahara
(Hotuba kwa wanachama wa Mashimoni)



Nimepewa kazi ya kusema juu ya jambo ambalo wengi hulichekea, yaani unene. Tumezoea kusema kwamba mtu mnene ameshiba, na kwamba presha na kisukari ni magonjwa ya matajiri. Mwaka 2008 na 2009 watafiti waliwapima watu zaidi ya 5,000 katika Korogocho na Viwandani, hapa hapa Nairobi, ambako maisha ni kama ya Mashimoni. Katika kila wanawake 10, zaidi ya 4 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Katika Kenya nzima, uchunguzi wa serikali wa 2022 ulionyesha asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49.

Sababu twaijua. Mwenye shilingi chache hununua kinachoshibisha upesi: mandazi, chapati, chipsi, chai ya sukari nyingi. Maharagwe yataka makaa na muda, na mtu arudiye usiku kutoka Industrial Area hana hivyo viwili. Tena aketiye kwenye cherehani au langoni mchana kutwa, mwili wake hautumii chakula hicho. Msimwite mvivu. Tazameni mshahara wake na masaa yake.

Sasa tuhesabu. Presha haiumi mwanzoni, lakini ikiachwa huleta kiharusi. Kisukari huharibu mafigo, macho na miguu. Kidonge cha kila siku ni gharama ndogo kuliko kitanda cha hospitali, na alalaye kitandani hukosa pia mshahara wake. Hapo ndipo mtoto huacha shule.

Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya SHIF. Apataye Sh. 15,000/- hutoa Sh. 412/50 kila mwezi, yaani Sh. 4,950/- kwa mwaka. Mwajiri hukata na kupeleka, lakini yeye haongezi hata senti moja. Mchuuzi naye hutakiwa kutoa si chini ya Sh. 3,600/- kwa mwaka. Fedha ni zetu, basi tudai faida yake.

Kwanza, jiandikisheni. Kwa sheria za 2023, matibabu ya msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na serikali kwa kila aliyejiandikisha. Nendeni mkapimwe presha na sukari kabla ya kuugua. Katika Kibera tumeona yawezekana: Médecins Sans Frontières walitibu magonjwa haya hapa, na mwaka 2017 wakakikabidhi kituo cha Kibera South kwa kaunti.

Pili, kagueni karatasi ya mshahara, mhakikishe kwamba kilichokatwa kimepelekwa.

Tatu, jueni haki yenu. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari.

Nne, chama kikikutana na waajiri, kisidai shilingi peke yake. Kidai pia chakula bora kazini, ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa, na mwajiri atoe sehemu yake katika bima.

Mfanyakazi hana shamba wala duka. Mali yake ni mwili wake, nao tuulinde kwa umoja.