Kuandikishwa kuwa Injinia: Nani Hukata Shauri?
(Hotuba kwa wanachama wa Migori na Homa Bay)



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya jambo linaloulizwa mara kwa mara katika viwanda vya sukari, karakana za maji na kambi za barabara huku kwetu. Vijana waliotoka chuo kikuu wanauliza: tukipeleka maombi ya kuandikishwa kuwa mainjinia, nani hukata shauri, naye hutazama nini?

Sheria ya zamani ilikuwa ya mwaka 1969. Ya sasa ni ya mwaka 2011, nayo ndiyo iliyoweka Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Mwenye kuamua si mkubwa wa kazi, wala gavana, wala chama chetu. Ni Bodi hiyo.

Bodi hutazama mambo haya. Kwanza, shahada ya uhandisi inayotambuliwa. Mwenye nayo huandikishwa kuwa injinia mhitimu. Pili, kazi ya mikono na akili kwa muda usiopungua miaka 3 baada ya shahada, chini ya injinia aliyekwisha andikishwa. Tatu, mtihani wa Bodi yenyewe. Nne, uanachama kamili wa Taasisi ya Wahandisi wa Kenya. Mafundi wenye cheti au diploma wana bodi yao mbali, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Sasa ndugu, shida yetu iko katika hilo la pili. Kijana anapelekwa kusimamia pampu au kalavati, injinia wa kumwongoza yuko mji mwingine, au hayupo kabisa. Kijana anatoa jasho miaka mitano, na siku ya kuomba hana mtu wa kutia sahihi. Kazi ameifanya, lakini haihesabiwi. Mshahara wake unabaki pale pale.

Kwa hiyo tunasema hivi. Andikeni kazi zenu katika daftari kila juma: mahali, kazi, vipimo, na sahihi ya injinia. Na chama kikikaa mezani na mwajiri, tudai iandikwe katika mapatano kwamba kila kijana mhitimu atapewa injinia wa kumsimamia.

Ukikataliwa je? Usikae kimya. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba mtu aliyeumizwa na uamuzi wa wenye mamlaka ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ziombe kwa barua, weka nakala. Kama sababu hazina haki, Mahakama Kuu iko Migori, na iko Homa Bay pia.

Bodi ya zamani iliwakataa wahitimu zaidi ya 100, ikisema kwamba masomo ya vyuo vikuu vyao haikuyatambua. Walikuwa wamekwisha soma na kulipa karo. Kila mmoja peke yake angalichoka njiani. Wakashikamana, wakafika hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2018 wakapewa haki yao.

Hatusemi mlango ufunguliwe kwa kila mtu. Daraja likianguka, anayekufa ni mfanyakazi na mama anayekwenda sokoni. Mtihani na uwe mgumu, lakini njia iwe wazi, na kila anayekataliwa aambiwe kwa nini.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Leteni madaftari yenu kwa katibu wa tawi, tuanze kazi.