Kumbukumbu Zipi Zihamie Mtambo Mpya?



Chuo kikuu kinapobadili mtambo wa kompyuta unaotunza habari za wanafunzi, hoja ya kwanza mezani huwa ni bei. Swali la nini kihamishwe na nini kiachwe huachiwa mafundi, nao hulijibu kifundi: kinachokubali kuingia kiingie, kilichobaki kizimwe pamoja na mtambo wa zamani. Huko ni kukwepa uamuzi.

Tutazame Mlimani. Chuo kilianza mwaka 1961 kikitahini kwa shahada za London. Kati ya 1963 na 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Kitivo chake cha Kilimo, Morogoro, kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Kwa hiyo aliyehitimu Morogoro mwaka 1982 ana shahada ya Dar es Salaam. Mtambo unaotambua vitivo vya leo tu utamwona mtu huyo kuwa mghushi.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi vya sekondari na ualimu. Uhakiki ule ulitegemea matokeo ya zamani yaliyotunzwa na Baraza la Mitihani. Kumbukumbu zile zile ndizo zilizokuwa kinga ya mtumishi mwaminifu.

Lakini alama peke yake ni bubu. Namba ya kozi hufutwa ikapewa kozi nyingine. Viwango vya ufaulu hubadilishwa. Basi majedwali ya namba hizo na kanuni za mitihani za kila mwaka yahame pamoja na alama, hata fundi akilalamika.

Wapo wasemao tuhifadhi kila kitu. La hasha! Habari za maradhi ya mwanafunzi wa miaka 20 iliyopita, au simu ya mzazi wake, zinakaa humo kwa faida ya nani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haituruhusu kuzilimbikiza bila sababu. Wala zisifutwe kiholela: ipo pia Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002.

Msajili, walimu na watu wa masjala wakae pamoja kabla ya zabuni. Na mtambo wa zamani usizimwe mpaka majalada kadhaa ya kila muongo yalinganishwe, karatasi kwa kompyuta, jina kwa jina.